Aama, sisi ni Wayahudi?

Najua niliwaahidi kuendelea na habari ya mabinti wa kazi na mishahara yao, na barua zenu nimezipata, nyingine kali. Naomba mnivumilie wiki moja. Kuna jambo limeingia nyumbani kwangu na nisipolitoa hapa litaniharibia usingizi.

Mjukuu wangu wa darasa la tano alirudi kutoka maktaba Jumapili jioni, akavua viatu vyenye tope mlangoni, na kabla hata hajanisalimia akauliza: "Aama, sisi ni Wayahudi?"

Kwa wasomaji wa mbali, "aama" ni bibi kwa Kiiraqw. Ni moja ya maneno labda kumi ya Kiiraqw aliyonayo mtoto huyu. Mwenye kosa hilo ni mimi, na nitalieleza nikifika.

Kwanza niwaeleze maktaba yenyewe, maana msije mkafikiri Mbulu tumejengewa ghorofa. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, lakini kutoka Dar hadi milimani kwetu ni mbali, na vitabu ni vizito. Yetu ni chumba kimoja kilichowahi kuwa ghala la mazao. Kina rafu sita, mabenchi ya kuazima, na kijana mmoja anayejitolea kukifungua. Vitabu vingi ni vya mtihani. Kijana huyo aliona watoto wanakuja kufanya kazi za shule tu na kuondoka, akabuni mpango: kila muhula wanachagua watu wa mahali fulani, wanasoma hadithi zao, wanasikiliza nyimbo zao, wanatengeneza kitu kwa mikono. Muhula uliopita walikuwa Wahadzabe, jirani zetu wa Yaeda Chini, na watoto waligundua kwamba vitabu vya Kiswahili kuhusu watu walio wilaya moja nao ni adimu kama maziwa ya kuku. Muhula huu wamechagua Wayahudi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo na la kuchekesha. Siku ya maktaba ilikuwa Jumamosi. Wasabato wetu wakauliza, kwa haki kabisa, inakuwaje watoto wafundishwe habari za Wayahudi siku ambayo Myahudi mwenyewe angekuwa amepumzika, na siku ambayo watoto wa Kisabato wako kanisani. Kijana akakuna kichwa, akahamishia Jumapili alasiri, baada ya misa ya Wakatoliki na ibada ya Walutheri. Hilo likaisha.

La pili halikuwa dogo. Mama mmoja alimtoa mtoto wake akisema watabadilishwa dini. Baba mwingine alileta wanawe wanne kwa sababu iliyo kinyume: alitaka wakapate baraka za taifa teule, akauliza kama kutakuwa na mafuta ya upako kutoka Yerusalemu. Kijana wa maktaba alimwambia kutakuwa na udongo wa mfinyanzi na maandazi.

Nami nilipita nikakaa benchi la nyuma. Nilikwenda kuchunguza, sitaki kuwadanganya. Mambo ya watoto lazima mtu mzima ayaone kwa macho yake.

Nikiwa pale nilijiuliza nimewajua Wayahudi wapi maishani mwangu. Kwenye Biblia, bila shaka, kama sisi wote. Kisha sekondari, tulipopewa Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu ya tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1969. Myahudi wangu wa pili basi akawa Shylock na kile kisu chake cha kukata ratili ya nyama. Mwalimu alikuwa mjanja. Shakespeare aliandika "mfanyabiashara", mmoja, lakini Mwalimu akaandika "mabepari", wengi, na darasani tukajadili riba na unyonyaji kwa vipindi vitatu bila mtu kuuliza kwa nini yule mzee alitemewa mate barabarani kwa sababu ya dini yake. Wa tatu ni wa kwenye taarifa ya habari, vita na moshi. Basi. Umri wangu wote huu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na jirani, shamba au mtoto wa kubembeleza.

Mtu wa nne nilimpata kwenye benchi lile la nyuma, na alitoka Mbale.

Wengi hamjui, nami sikujua, kwamba pale Uganda mashariki, kwenye miguu ya Mlima Elgon, kuna Waafrika Wayahudi wanaoitwa Abayudaya. Hawakuletwa na mmisionari. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewapigania Waingereza akitumaini watamfanya mfalme wa nchi alizowatekea. Hawakumfanya. Akakasirika, akajitenga nao, akakaa na Biblia yake akiisoma mwenyewe. Alipofika kwenye sheria za Musa alisimama hapo hapo. Mwaka 1919 alitahiriwa, akawatahiri na wanawe, akatangaza kwamba yeye na watu wake ni Wayahudi. Akaandika kitabu cha sheria na sala kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928 na jumuiya ikaendelea bila yeye.

Kisha akaja Idi Amin. Akaipiga marufuku dini yao. Wengi wakaiacha, wachache wakabaki wakisali kwa siri, wazazi wakichunga sauti zisivuke ukuta. Amin alipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki mia chache tu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichonigusa. Miaka ya 1980 vijana wao walikusanyika na magitaa na kuanza kutunga. Walichukua Zaburi, nyingine kwa Kiebrania na nyingine kwa Kiganda, wakazitia sauti za kwao, zile za kupokezana ambazo ukizisikia tu unajua uko Afrika Mashariki. Mwaka 2003 nyimbo hizo zilitolewa Marekani kwenye albamu na taasisi ya Smithsonian, na albamu ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Leo jumuiya ina watu wapatao 2,000 au zaidi. Rabi wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma Marekani akarudi na upadrisho wake mwaka 2008 (samahani, mapadri ni wa kwetu, tuseme alirudi rabi kamili), na mwaka 2016 wakulima wa huko wakamchagua kuwa mbunge. Wanalima kahawa. Mwaka 2004 walianzisha ushirika wa kahawa pamoja na majirani zao Waislamu na Wakristo, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Kijana wa maktaba alikuwa na nyimbo kadhaa kwenye simu, akaiunganisha na spika ndogo. Albamu ile ina za ibada, ina za kuchezea watoto, na ina bembelezi. Alipopiga bembelezi, chumba kizima kilinyamaza, hata wale wavulana wa mwisho wanaokuja kwa ajili ya maandazi. Hakuna aliyeelewa Kiganda. Lakini bembelezi haihitaji mkalimani.

Ndipo mtoto wa darasa la sita akanyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi za kwetu ziko kwenye simu gani?"

Hakuna aliyemjibu. Kijana alisema tutaona. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Turudi kwa swali la mlangoni. Mjukuu wangu alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba Wairaqw tulitoka Iraki, kwa hiyo tulikaa na Ibrahimu, kwa hiyo ni Wayahudi. Habari hii ya Iraki mmeisikia wote. Inasimuliwa kwenye harusi, kwenye basi la Karatu, na watu wenye shahada. Nilimwambia ninachokijua. Majina kufanana si ushahidi. Kuna kijiji hapa kinaitwa Daudi, na mfalme Daudi hakupita. Wataalamu wa lugha wanasema Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi. Ndugu zetu wa karibu ni Wagorowa wa Babati, Waalagwa na Waburunge wa upande wa Kondoa, na wale wa mbali zaidi wako Ethiopia na Somalia. Hapo aliinamisha kichwa, akasikitika kidogo.

Lakini kuna kipande kitamu nilimwekea mwisho. Lugha za Kikushi na lugha za Kisemiti, ambamo Kiebrania na Kiarabu vimo, wataalamu huziweka katika ukoo mmoja mkubwa sana, wa zamani sana. Si ndugu wa kugawana urithi, ila ni wa kusalimiana. Na zipo sauti. Ile sauti ya kooni ambayo sisi tunaiandika kwa kamkwaju, na ile "hh" inayomtoa jasho kila karani kutoka mikoa mingine anapoandikisha majina yetu, Kiebrania cha zamani kilikuwa na za aina hiyo. Wayahudi wengi walizipoteza walipoishi Ulaya, lakini waliokaa Yemen walizitunza. Arusha, saa chache kutoka hapa, kuna jumuiya ndogo ya Wayahudi, na wamo wenye asili ya Yemen. Kwa hiyo, nikamwambia, yuko Myahudi anayeweza kutamka jina la babu yako bila kulivunja. Wewe mwenyewe huwezi.

Nilisema kwa utani. Yeye hakucheka. Akasema, "Kwani nani alinifundisha?"

Sasa kosa langu. Shule niliyosoma, mtoto akikamatwa anaongea kilugha alivishwa kibao shingoni, na jioni mwenye kibao alichapwa. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilipopata watoto nikaapa hawatakivaa. Nikaongea nao Kiswahili tu, hata jikoni, hata usiku. Kiswahili nakipenda, ndicho kinachonilisha kwenye ukurasa huu, sikisemi vibaya. Ila hakuna serikali iliyonipigia marufuku Kiiraqw ndani ya nyumba yangu. Abayudaya walikuwa na Amin. Mimi Amin wangu nilikuwa mwenyewe.

Kabla sijaendelea, niseme la jirani yangu. Ni mama wa Kiislamu, tumeuziana mayai na kuazimana masufuria miaka mingi. Alikuja akakaa, akakataa chai, nikajua kuna jambo. Akasema: "Dada, wanetu wanaimbishwa nyimbo za Wayahudi, na wewe umeona kwenye televisheni watoto wa Gaza." Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia nimeona na nimelia. Nikamkumbusha pia wale vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo na wakauawa tarehe 7 Oktoba 2023. Akasema anakumbuka, aliwaombea. Tukakaa kimya. Chai ikapoa.

Sikumwambia kwamba nyimbo hazina siasa, maana kila kitu kina siasa ukikitazama vizuri. Nilimwambia hawa wanaoimba ni wakulima wa Mbale, na ushirika wao wa kahawa una Waislamu ndani. Akasema hilo halijui mwanangu wakati anaimba. Ni kweli. Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa kijana wa maktaba, na Jumapili iliyofuata kabla ya wimbo wowote aliwaeleza watoto, kwa dakika kumi, kwamba Myahudi si serikali, kama ambavyo Mwislamu si kikundi cha silaha, na kwamba kuna watoto wanaokufa vitani na kuwahuzunikia hakuhitaji kuchagua upande. Wakubwa kwa wadogo walisikiliza. Jirani yangu alimwacha mwanawe aendelee. Bado hajaridhika kabisa, na ananiambia hivyo kila tukikutana, na mimi namheshimu kwa hilo.

Yule mama wa kwanza hakumrudisha mtoto wake. Nimesikitika, ila ni mtoto wake.

Nyumbani kwenu mkitaka kufanya jambo kama hili, niwaonye kuhusu filamu. Kuna filamu nzuri iitwayo Nirgendwo in Afrika, maana yake "Hakuna popote Afrika", ya mwaka 2001, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003 kama filamu bora ya lugha ya kigeni. Inatokana na kitabu cha Stefanie Zweig, ambaye wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Ujerumani waliokimbilia Kenya mwaka 1938 yeye akiwa mtoto. Nusu ya watu humo wanaongea Kiswahili, na si kile cha kukaririwa. Kijana alitaka kuionyesha kwa watoto. Tuliitazama kwanza wakubwa watatu, kwa projekta ya kuazima, umeme ukikatika mara mbili, na tukasema hapana, ina mambo ya chumbani. Ikaonyeshwa usiku kwa watu wazima, na ukumbi ulijaa.

Mle ndani mtoto wa kike ndiye anayekishika Kiswahili upesi, kutoka kwa mpishi wao Owuor, na anawatangulia wazazi wake kila mahali. Mama yake kwanza hataki hata kusikia lugha hiyo. Wenzangu walikuwa wakicheka jinsi Wazungu wanavyohangaika na maneno, na mimi nikiwaza: watu hawa wamefukuzwa na wenye lugha ya Kijerumani, na bado usiku baba na mama wanaongea Kijerumani chao na mtoto anakielewa. Hakuna aliyewavisha kibao.

Basi nikafanya nilichofanya. Jumatano nilimchukua mjukuu, nikachaji simu, tukapanda kwenda kwa baba mkwe wangu, upande wa Kainam. Mzee ana zaidi ya miaka themanini. Zamani alikuwa akiitwa kwenye vikao na sherehe kusema slufay. Wasomaji wa makabila mengine, slufay ni maombi yetu ya baraka, ya kusemwa kwa mdundo. Mzee mmoja anaongoza, anaomba mvua, afya, mifugo, amani ya nchi, anasema jambo kisha analirudia kwa maneno mengine, na waliokaa wanaitikia. Ukiisikia halafu ufungue Zaburi, utadhani waliketi chungu kimoja cha pombe. Mwaka juzi mzee alipata kiharusi kidogo. Mkono wa kushoto hauna nguvu, ulimi umerudi karibu wote.

Nikamweleza shida yetu. Nikamwekea simu mbele, juu ya kigoda. Mzee akaitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyesalimia.

"Nani ataitikia?" akauliza.

Nikasema atuambie tu maneno, tutayahifadhi.

"Slufay haisemwi peke yako, mkwe wangu. Mtu akiomba peke yake na hakuna anayeitikia, huyo anaumwa."

Tukarudi bila kitu. Mjukuu alinuna njia nzima.

Ilinichukua siku tatu kupata watu. Wazee wanaojua kuitikia inavyotakiwa, palepale kwenye mwinuko wao, niliwapata wanne. Wanne, wasomaji wangu, na mmoja alisindikizwa na fimbo mbili. Niliwaandalia chai na viazi, na togwa badala ya pombe kwa sababu ya dawa za presha, jambo lililolalamikiwa. Kijana wa maktaba alikuja na daftari. Mwanamke mmoja jirani wa mzee akaja bila kualikwa, akasema na yeye anajua bembelezi mbili za mama yake, tunazitaka au tunataka za wanaume tu? Tulizitaka.

Mzee alianza kwa sauti ya chini nikadhani simu haitashika. Wazee wakaitikia. Akaanza tena, juu kidogo. Mara ya tatu au ya nne nikasikia sauti nyembamba imeongezeka kwenye kiitikio, nikageuka. Mjukuu wangu alikuwa ameketi karibu na mwenye fimbo mbili, anamtazama mdomo, anaitikia naye, amechelewa kidogo kila mara. Maneno ya mzee hayajui. Lakini pa kuingilia alikuwa amepajua.

Dakika kumi na nne, kisha mzee akasimama katikati. Amechoka. Akasema nusu iliyobaki ni ya mvua, na mvua haiombwi mtu akiwa amechoka, turudi.

Tunarudi Jumamosi hii. Maktaba itaendelea Jumapili saa tisa alasiri kama kawaida, watoto wanamalizia taa za udongo za sikukuu ya Hanuka, zenye mashimo tisa: manane ya usiku nane na moja la mshumaa wa kuwashia wengine. Anayeweza kuchangia mishumaa midogo au unga wa maandazi amwone kijana. Anayejua mzee mwingine wa kuitikia anione mimi.

Simu yangu imeniandikia kwamba imejaa. Binti yangu amenishauri nifute picha. Nimeanza na za harusi yake.